Siku Baba Salma alipopewa barabara yetu

Alhamisi jioni, Temeke. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, sasa imekatika. Mbingu imetulia, moyo wangu bado.

Nimeona maajabu leo. Baba Salma kapewa kazi na Jiji.

Mume wangu huyu huyu, aliyepunguzwa kazi serikalini akarudi nyumbani na koleo lake begani. Tangu siku ile kibanda changu cha supu pale kituoni ndicho kilichotulisha. Yeye na wenzake waliopunguzwa naye wakaanzisha kakampuni ka ujenzi, na toroli lao la kwanza lilitoka kwenye supu hiyo hiyo. Watu walicheka mpaka wakachoka.

Leo alikuwa hataki kwenda kusikiliza matokeo ya zabuni. Nikavaa baibui langu la Idi nikamburuta.

Tulikaa nyuma kabisa ya ukumbi wa Jiji, mbele yetu wenye suti na mikoba. Mie nilidhani mambo haya huishia vyumbani, kwa kunong'onezana. Kumbe mwenyekiti wa bodi ya zabuni anasimama mbele ya kadamnasi na kusoma kwa sauti: ukarabati wa barabara yetu na njia ya waenda kwa miguu, kwa zege, kuanzia kituoni hadi msikitini. Kisha akataja jina la kampuni.

Ya kwetu!

Mwili ulinisisimka wote. Wenye suti waligeuka kumtafuta huyo mkandarasi, wakamwona mume wangu kaikumbatia kofia yake kifuani kama mtoto. Nililia pale pale, wala sikuona haya.

Bado nafuta machozi, mwenyekiti akaingia kwenye masharti. Vibanda vyote vilivyo juu ya njia hiyo viondolewe, kila kimoja kabla kazi haijakifikia.

Changu ndicho cha kwanza ukitokea kituoni.

Siku zote hizi nimeomba dua tuipate kazi hii, tena naomba huku nakoroga supu, nimesimama juu ya njia yenyewe. Haikunijia akilini hata mara moja. Mungu alinisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwenyewe.

Tulipofika nyumbani akaniambia, macho kayainamisha.

"Mama Salma, sie tutaanzia kule msikitini. Kwako tutafika mwisho kabisa."

Ananipenda mtu huyu, jamani. Lakini jirani yangu muuza vitumbua atang'oaje chake, huku mke wa mkandarasi anaendelea kuchochea moto?

"Anzia kwangu," nikamwambia. "Na usinibembeleze, nitaghairi."

Naogopa, nisijidanganye. Sijui nitauzia wapi baada ya hapo. Ila kila nikifumba macho napaona mahali pale penye weusi wa jiko langu, na zege la kwanza la Baba Salma likimwagwa juu yake, kwa jina lake, mbele ya wale wale waliocheka. Nasisimka upya.

Kesho nauza supu ya mwisho, kisha nashusha mabati mwenyewe. Zege changa linataka kumwagiwa maji kila siku lisije likapasuka, ameniimbia hilo tangu tuoane. Ndoo za kibandani ninazo mbili. Nitalimwagia mimi.