Nimechukua ya Nane, Ndahani

Mtani wangu Ndahani,

Nimenunua darubini. Kabla sijakueleza nimechagua ipi, ngoja niseme kilichoniuma.

Yako ilichukuliwa na shemeji yako wa mjini. Siku ya kugawa vitu vyako, baada ya arobaini, aliivaa shingoni kabla mzee wa ukoo hajamaliza kuongea. Ile ya kumi na mbili kwa hamsini, Ndahani, inayovuta mara kumi na mbili. Mimi nilikuwa nimekaa na wanaume wengine. Rafiki hana fungu, na Mnyamwezi kwenye msiba wa Wagogo kazi yake ni kuchekesha watu. Niliwachekesha. Sasa inaning'inia kwenye gari lake, haijawahi kutazama kitu zaidi ya lori lililo mbele.

Na wewe pia umeniuma. Nilikuambia twende zahanati ukapime presha. Ukasema hujawahi kuumwa hata kichwa. Halafu ukaanguka kwenye uwele wako mchana kweupe, jembe mkononi. Namba moja tu nilitaka uijue.

Basi nikafunga duka langu la spea hapa Buigiri, nikaenda Dodoma mjini. Dada muuzaji akaniambia, "Baba, chukua hii ya kumi na tano, inavuta kuliko zote." Unanijua. Nilizipanga juu ya kaunta nikaanza: upana wa kioo cha mbele gawanya kwa mara inazovuta, unapata mwanga unaofika jichoni. Hamsini na sita kwa kumi na tano, haifiki nne. Arobaini na mbili kwa nane, tano na robo. Alfajiri, swala wakiwa bado wako uwandani, hiyo tofauti si ndogo. Nikakusikia kabisa: "Gawanya, gawanya, mnyama anaondoka."

Nikatoka nje na ile ya kumi na tano, nikalenga tangi la maji kule kilimani. Maandishi yakacheza, sikusoma hata herufi moja. Ikivuta mara kumi na tano, na mtetemo wa mkono unavutwa vilevile. Hilo nalijua. Ila nilishtuka dada aliposema, "Baba, mbona unanilalia?" Nilikuwa nimeinama mbele bila kujua, viwiko vinatafuta bega lako.

Misimu yote ile ya kuwinda nilidhani mikono yangu haitetemeki. Kumbe kumi na mbili sikuwahi kuishika peke yangu. Wewe ulikaa mbele juu ya jabali, magoti yamekunjwa, mimi nikaiweka kwenye bega lako la kushoto. "Babu zako walibeba mizigo mpaka pwani," ulikuwa unasema, "leo Mgogo ndiye anambebea Mnyamwezi macho." Nakujibu mzigo hauongei. Hapo unabana pumzi mpaka picha itulie, halafu kwa sauti ndogo: "Angalia haraka bwana, nakufa mimi." Nilicheka kila mara.

Dada akaleta stendi ya miguu mitatu. Akaifunga, nikachungulia. Ilitulia kuliko wewe. Nilisoma kila herufi kwenye lile tangi. Nikaendelea kutazama, nasubiri picha ipande kidogo na kushuka, kama ulipokuwa ukiachia pumzi. Haikupanda. Nikamwambia aiondoe.

Nimechukua ya nane kwa arobaini na mbili. Mtu mmoja anaiweza.

Jumamosi nilipanda jabali letu nayo. Unakumbuka leseni inasema swala pala mmoja, dume, na unajua nusu ya nyama ni ya mkeo, Mama Yohana. Haikuwahi kukosa msimu wowote, na sitaki ikose mwaka ambao haupo. Kundi lilikuwa mbali, chini ya migunga. Mmoja niliona kama ana pembe, na jike hana pembe. Inaweza ikawa pembe, inaweza ikawa tawi nyuma yake. Joto likaanza kupanda kutoka ardhini, kundi zima likawa kama linaelea. Kwa kumi na mbili begani kwako ningejua. Nilikuwa nimeshageuka kukuuliza.

Sikupiga risasi. Nilishuka, nikatembea kuelekea kwao upepo ukinipiga usoni, mpaka nikawaona kwa macho matupu. Walikuwa majike watupu. Wakaniona, wakaondoka. Nilirudi mikono mitupu, nikapitia kwako kwa Mama Yohana. Alinipa maji, akaniuliza habari za duka.

Nitarudi tena kabla leseni haijaisha. Nane haitanionyesha pembe kutoka juu ya jabali, hilo hesabu imeshasema. Kwa hiyo nitashuka mapema, gizagiza, nisogee taratibu mpaka nisikie wanavyotafuna. Dume nikimwona nimemwona, na nusu yake itaingia jikoni kwako kabla ya yangu. Hiyo ni ahadi.

Baki salama, mtani. Pumua sasa, nimeshaangalia.

Wako,
Mnyamwezi wa spea