Kidoti Alichokijua Msusi

Mwenzangu, uko wapi? Nimetoka kwa msusi kichwa nusu kimesukwa, nusu kama nimetoka kupigana.

Unakumbuka kidoti changu cha utosini, kile cha ukubwa wa punje ya ufuta? Kimekua! Leo msusi ananigawa nywele huku anajisifu, "Dada, hiki ndicho alama yangu. Zamani mstari ulipita pembeni yake, siku hizi nauzungusha."

ANAUZUNGUSHA. Na hajaniambia!

Nikamwambia akipige picha. Kingo zimechanikachanika, upande mmoja cheusi, mwingine kahawia. "Na kitana kikigusa kinatoa damu," anasema, "ila huwa nafuta." Asante sana, daktari wa rasta.

Nikakimbilia zahanati. Daktari kauliza kilianza kubadilika lini. Mimi mwenye kichwa sijui! Ikabidi nimpigie msusi, akataja mpaka mwezi: miezi minane iliyopita!

Daktari anasema eti kidoti kikikua, kikibadilika rangi au kutoa damu, hakisubiriwi. Alhamisi wanakata kipande wakapime kama ni saratani ya ngozi.

Msusi kauliza kama aje amwonyeshe daktari pa kukatia.

Nimecheka, mwenzangu. Nimecheka mpaka nikajikuta nalia.

Alhamisi twende wote.