Kitanda Ndani ya Tela

Jumatatu, 3 Machi

Naandika nyuma ya daftari la vipimo, kurasa za mbele zimejaa sare za shule. Mzee wangu, baba watoto, amerudi na karatasi tatu, kila moja ina picha ya tela la kulala safarini, la kufungwa nyuma ya gari. Amestaafu tangu Desemba. Miaka thelathini na moja ameendesha greda, akisawazisha barabara za mawe na kulala kambini, mimi huku na cherehani na watoto. Aliahidi akistaafu atanionyesha barabara zake zote. Mgongo wake haukubali tena kulala chini, ndiyo maana ya tela. Nikamwambia ni sawa, maana mpaka leo sijaona hata kona moja ya barabara hizo, isipokuwa vumbi lake kwenye nguo za kufua.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda yadi ya fundi anayeunda matela. Yapo matatu.

La kwanza jeupe, refu. Godoro pana, jiko, mapazia (pindo limevutwa vibaya, lakini hilo ningelirekebisha). Nimelipenda. Mzee aliinama mara moja tu akachungulia uvungu. Akasema hilo ni la lami, jiwe la kwanza litapasua tumbo lake.

La pili lina hema juu na ngazi. Magoti yangu yalijibu kabla yangu.

La tatu dogo, la kijani, chuma kitupu. Limeinuliwa juu, magurudumu sawa na ya pikapu yetu, springi nene. Kiungio chake na gari kinazunguka pande zote, gari likiyumba tela halipinduki. Mzee alijilaza chini yake nusu saa nzima — na shati la kwendea mikutanoni! Akatoka na grisi shavuni, anacheka. Sijamwona hivyo tangu astaafu.

Mimi nikaingia ndani. Tepu haitoki shingoni mwangu, hata sokoni naenda nayo. Nikapima kitanda. Sentimita sabini na tano. Upande wa pili kabati la vifaa. Nikarudia. Sabini na tano.

Nikamuuliza fundi mbona chembamba hivi. Akasema kwa fahari kabisa kwamba mzee mwenyewe alimpigia simu Jumanne, akampa kipimo hicho, naye akamalizia ndani kama alivyoambiwa.

Mabega ya mzee ni sentimita hamsini na mbili. Nayajua, mashati yake yote nimeshona mimi. Zinazobaki hazinitoshi hata kwa ubavu. Nikairudisha tepu shingoni, nikatoka.

Jumapili, 9 Machi

Binti yetu amepiga simu. Nimemweleza. Amecheka sana. Anasema nimwambie baba yake leo leo. Nimekataa. Kama amenisahau, nataka agundue mwenyewe. Nikimkumbusha atapanua kitanda kwa aibu, na mimi sitaki kulala juu ya aibu ya mtu.

Jumatano, 12 Machi

Tela asubuhi, tela mchana, tela jioni. Kimo kutoka chini, upana wa matairi, maji lita ngapi. Namjibu "eeh". Leo ameacha orodha mezani: sufuria moja, sahani moja, kikombe kimoja, taa, kiti cha kukunja kimoja.

Nimekasirika. Naandika ili nisipige kelele. Nimeshona gauni la mwanafunzi lenye mikono miwili ya kushoto — mimi, na uzoefu wote huu! Nimefumua.

Wanasema mazoea yana taabu. Mtu aliyelala peke yake miaka thelathini na moja, labda kichwani mwake hakuna kitanda kingine. Naelewa. Lakini na mimi nimelala peke yangu miaka hiyo hiyo, na upande wake niliuacha wazi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Vifungo vya mashati arobaini.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi anatuazima la kijani kesho, tukalijaribu kwenye barabara ya machimbo ya mawe. Jumatatu anataka jibu, kuna mteja mwingine anayelitaka. Mzee akaniuliza kama nitakwenda au nina kazi. Kama! Nikasema nitakwenda. Nimefunga vikombe viwili kwenye taulo, nimeviweka chini ya kiti cha gari.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nane mchana. Tumeegesha juu ya machimbo, naandika nimekaa kwenye jiwe.

Tela ni zuri, lazima niseme. Limepita kwenye mashimo kama mbuzi. Pikapu ilipolalia upande, lenyewe lilisimama wima. Na mzee ameongea! Hapa kalavati lilisombwa na maji, wakakaa siku nne wakingoja jipya. Pale greda ilizama mpaka kwenye mlango. Mtu ambaye nyumbani huuliza kama chai ipo, basi, kamaliza maneno ya siku. Hasira yangu ikaanza kulegea, na hilo nalo likaniudhi.

Tulipofika akachemsha maji, akafungua mlango wa tela, akatandika blanketi na kujilaza, mkono mmoja chini ya kichwa. Akaniita nije nione raha.

Nikasimama mlangoni na vikombe viwili vya chai, kila mkono na chake.

Akavitazama vikombe. Akanitazama mimi. Akageuka akatazama ukuta uliogusa bega lake, kisha ukingo wa kitanda upande wa pili. Uso wake ukabadilika pole pole.

"Mama watoto," akasema, "nilitoa kipimo cha kitanda cha kambini."

"Najua. Tangu Jumamosi iliyopita."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja unione."

Hakujitetea. Akanywa chai yake yote, macho mekundu. Yangu pia. Kisha akachukua spana.

Sasa yuko ndani anapambana na kabati la vifaa. Skrubu za mbele zimetoka, nyuma fundi amelichomelea. Nimemwambia bila vifaa barabara kama hizi ni hatari. Anasema vifaa vitapanda juu ya paa. Sijui kama kabati litang'oka. Sijui Jumatatu tutamwambia nini fundi — tela si letu hata, na tayari tumelichokonoa!

Ananiita. Anataka kujua nikilala kwa ubavu nachukua sentimita ngapi. Nimepima mtaa mzima, daftari hili ni shahidi, na ukurasa wangu haumo. Nimemjibu sijui, aje apime mwenyewe. Anashuka. Anafuta grisi mikononi. Nimeivua tepu shingoni.