Mlima Uliohamia Mtambo Mwingine

Mpendwa kaka,

Nakuandikia nikiwa na shahada ya kompyuta ambayo hukuiona, na swali lako nililolibeba tangu ugonjwa ulipokuchukua: nyuma ya ule mlima kuna nini?

Utakumbuka mtambo wa michezo ya video ambao mama alikuja nao kutoka mtaa wa Milimani alikofanya kazi, baada ya mtoto wa mwajiri wake kupata mpya. Uliupangusa vumbi kwa shati lako la shule, ukauunganisha na televisheni, na mlima ukajitokeza. Sisi tulizaliwa Kuresoi, milima haikuwa jambo geni kwetu. Lakini huu ulikuwa na theluji, na chini yake msichana mdogo akimtafuta babake. Kisha ukaninong'oneza, "Unajua huu mlima kuna mtu aliuunda? Mtu tu, kama wewe." Sidhani kama kuna mhadhiri aliyewahi kunifundisha zaidi ya hapo.

Wewe ulishika rimoti, nami nikachora ramani kwenye daftari la hisabati. Mama, akimenya viazi nyuma yetu, ndiye aliyetunga sheria. Msichana wetu alipompita bibi kizee mmoja mbio, kisu cha mama kilisimama.

"Nyinyi, mnampita shosho kama gogo?"

Ulimweleza kwamba ilikuwa picha tu. Akajibu kuwa hata picha ina wazee. Basi ukarudi, ukabonyeza kitufe cha kuinamisha kichwa, na tangu siku hiyo hatukumpita mzee yeyote bila kumsalimia, katika vijiji vyote saba. Rafiki zako walimaliza mchezo ule kwa wiki mbili. Sisi tulitumia muhula mzima, nao wakakubandika jina la pasta.

Ila wao walifika kwenye lango la mlima, mwisho wa mchezo, wakakuta giza. Kwetu, wazee wote tuliowasalimu walitoka na taa mikononi, wakajipanga kutoka langoni hadi kileleni. Mama aliviacha viazi vyake. "Si niliwaambia," alisema, polepole sana. Kisha maandishi yakatokea: safari itaendelea, na wazee watatukumbuka.

Kaka, sehemu ya pili imetoka, lakini kwa mtambo wa kampuni nyingine pekee. Nililisoma tangazo mara tatu. Safari yetu imehifadhiwa kwa jina lako katika mtambo wetu wa zamani, na haiwezi kuhamishwa. Wakubwa wa kampuni walitia saini mkataba wao, wazee wetu wakabaki huku na taa zao. Niliwaandikia barua rasmi ya aya nne, kwa heshima zote. Walinishukuru kwa kuwa mteja wao.

Jumamosi iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikaingia chumba cha michezo mjini chenye mtambo huo. Katika kijiji cha kwanza wazee walikuwa wameketi, na hakuna aliyenitambua. Nikaanza kuwainamia, mmoja baada ya mwingine. Mwenye chumba, mwanamke wa rika langu, alinionea huruma.

"Sista, hao ni mapambo tu. Pita."

Nilimwambia najua, nikamsalimia aliyefuata.

Baada ya hapo nikavuka lango, na njia ikanizungusha. Nyuma ya mlima kuna ziwa, kaka. Limetulia kabisa, na mlima wetu mzima umelala ndani yake kichwa chini, pamoja na theluji yake. Nilisahau kwamba nilikuwa nimeshika rimoti. Mwenye chumba alikuja akasimama kando yangu, naye akatazama. Maji yale pia kuna mtu aliyaunda. Nimeanza kujifunza namna yanavyoundwa.

Mtambo wetu ungali kwa mama, na jina lako limo. Jioni ile nilimsimulia kuhusu ziwa, kwa kirefu, hata nikamchorea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama niliwasalimia wazee.

Pumzika, kaka. Niliwasalimia wote, na kila salamu ilikuwa yako.

Ni mimi mdogo wako,
mchora ramani