Wale Wachina Wako Wamefika Kiringye

Kaka Mukiza,

Tangu juzi sijatulia. Wale Wachina wako wamefika hapa Kiringye. Wewe ulivuka mto Ruzizi kwa kificho kwenda kuchukua bunduki zao Burundi. Wao wameletwa na gari la serikali, serikali ile ile uliyokufa ukipigana nayo, watufundishe kulima mpunga. Niliposikia nilidhani watu wananitania.

Nakuona bado mlangoni mwa jiko, unakula viazi vyangu vya moto, ukiwasifu hao Wachina: "Beko balimaji kama siye, Nabintu. Habawezi kutusahau."

Ulipouawa Katogota, baba aliogopa askari wasije wakatuchomea nyumba. Akatangaza kwamba umezama mtoni, tukazika mgomba mahali pako, kama tunavyomfanyia aliyechukuliwa na maji. Mama akamlilia mtu aliyezama. Kilio chako chenyewe alikimeza.

Basi juzi administrateri, mkubwa wa serikali hapa kwetu, akatupanga barabarani tupige makofi. Ametoka mbali huyo, yeye na askari wake hawajui ila Kilingala na Kifaransa. Mama akatoka mstarini, akamshika mkono Mchina mmoja mzee. "Minye niko mama ya Mukiza," akamwambia. "Alikufa na bunduki yenu mu mikono."

Mkalimani wetu akageuza kwa Kifaransa, na minye nilielewa kwa kuwa nilikisoma kwa masista: eti mama anawashukuru kwa mbegu. Mchina akatabasamu. Administrateri akapiga makofi, Kaka. Alimpigia mama makofi.

Mama akarudi nyumbani, akakaa chini uani, mchana kweupe, akaanza kulia akikuita kwa jina. Nilikimbia kumziba mdomo. Lakini majirani walikuwa wameshaingia, wakivua viatu, wakiketi chini pamoja naye. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Kumbe walijua. Miaka yote hiyo walijua, na hakuna hata mmoja aliyetuuza. Mpaka sasa siamini.

Kesho naingia shambani kwa hao Wachina. Watoto wanataka kula, na mpunga hauna kosa. Lakini nakuahidi, wakinipanga tena barabarani, mikono yangu itabaki chini.

Pumzika, Kaka. Sasa umeliliwa kama mtu aliyepigwa risasi.

Mdogo wako,
Nabintu