Desmond Yapp na Mbegu Nilizozipika

Mwaka umetimia, Desmond, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipotoka na koleo lako kwenda kuzibua mtaro wa njia ya kanisani, ukasema utarudi saa nne kunywa chai. Mama wa posta alikukuta umekaa ukingoni, kofia magotini. Akapiga honi, akakupungia mkono, akapita. Alidhani unapumzika. Aliporudi akakuta bado umekaa vilevile, ndipo akashuka garini.

Tunaandika haya katika jarida la parokia, kwenye ukurasa uleule uliokuwa ukiusoma kwa sauti mezani huku ukiwakosoa marehemu wa watu. "Kila anayekufa hapa Nether Sallow alikuwa mpole," ulikuwa ukisema. "Sasa wagomvi wetu tunawazika wapi?" Basi wewe tutakusema kweli. Ulikuwa mkarimu wa jasho na bahili wa mbegu.

Kwa miaka hamsini ulisuka nyua za miti za kijiji hiki. Kila majira ya baridi ulikata mashina karibu yakatike, ukayalaza yakiwa hai, ukayafunga kwa fito, na ikifika Aprili ua mzima unachipua na hakuna kondoo wa kupenya. Kutoka lango letu hadi darajani ni wewe. Kutoka darajani kupanda kilima hadi kanisani ni wewe pia. Hakuna njia ninayoweza kupita nisipite kando ya kazi ya mikono yako.

Ulipokufa, watu walidhani jambo hilo litaniumiza au litanifariji. Halikunifanya chochote. Niliona ua. Niliona kondoo. Niliona mvua inakuja kutoka upande wa Wales, nikaenda kuanua nguo.

Ulimfagilia theluji mlangoni Bibi Lello kwa miaka kumi na minane, na hukuingia kwake kunywa hata kikombe kimoja, asije akajiona ana deni. Ulivua mabuti nje hata siku za barafu. Uliongea na maharagwe yako kuliko ulivyoongea na mchungaji, na kwa upole zaidi.

Hayo maharagwe ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Mama yako alikuja nayo hapa alipoolewa, yale ya kutambaa, yenye maua mekundu na maganda marefu kuliko kiganja cha mtu. Kila Oktoba ulichagua maganda bora, ukayakausha, ukatia mbegu katika chupa ya jemu, ukaiweka kwenye rafu ya stoo. Mbegu za zambarau zenye madoa meusi. Hukumpa mtu hata moja. Binti yetu Bridget aliomba kumi tu za kupanda kwake Birmingham, ukamwambia udongo wa mjini utazitia aibu. Aliudhika, nawe ulijua ameudhika, na bado hukumpa.

Ulipokufa chupa ilikuwa imejaa. Ulikuwa umeifunga wiki mbili kabla.

Desemba theluji ilifunga njia ya kilimani. Majirani walikuwa wameshaleta pai zao na kuziacha mlangoni, wakaniambia habari za mvua kama ilivyo desturi yetu mtu akifiwa, na pai zilikuwa zimekwisha. Niliingia stoo nikatoa chupa. Nikaziloweka Jumapili, nikazipika Jumatatu pamoja na kitunguu na mfupa wa nyama. Nilikuwa na siku nzima ya kukumbuka ni nini kile ndani ya bakuli, na sikukumbuka. Nilikunywa supu ile siku tatu. Haikuwa na ladha yoyote, lakini wakati ule hakuna kilichokuwa na ladha. Nilipoosha chupa ndipo nikaona karatasi yenye mwandiko wako na mwaka. Nikaikausha chupa, nikairudisha rafuni tupu, nikafunga mlango wa stoo. Sikulia. Nilitamani kulia, kama mtu anayetamani kupiga chafya.

Tangu siku hiyo nilikuwa mwongo. Bridget alipiga simu Februari. "Mama, mbegu za Baba zipo?" Nikasema zipo. Martin mwanao alipouliza Machi, nikasema zipo, acheni kunisumbua. Nilijua Mei itafika. Kwamba wewe umekufa kila mtu alishajua; kwamba nimekula kilichobaki chako nilijua peke yangu.

Mei ikafika. Bridget alichukua likizo. Alilima kitalu chako, akasimamisha fito zako za mwisho, zile ulizozikata mwenyewe na kuziacha bandani. Norman Preece, jirani yetu, alikuwa upande wake wa ukuta wa mawe akijifanya anang'oa magugu.

"Haya Mama, lete chupa."

Nikanyoosha fito ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Mama? Chupa."

"Nilizipika."

"Ulipika nini?"

"Mbegu. Nilipika supu. Desemba."

Akanitazama kama nimesema Kichina. "Zote?"

"Zote."

"Na hukuona zile rangi, Mama? Hukuona?"

"Niliona. Sikufikiri."

Akakaa palepale kwenye udongo na suruali yake safi. Hakunigombeza, na mimi nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Alisema tu, "Basi. Yamekwisha," kwa sauti ile aliyoitumia siku tulipokushusha kaburini. Norman alikuwa ameacha kung'oa magugu. Alituangalia, akageuka, akaondoka. Nikawaza, habari hii itafika baa kabla ya saa sita.

Desmond, sasa nisikilize vizuri, na usinikatize.

Unakumbuka siku ya harusi ya Martin, Oktoba, miaka tisa iliyopita. Tulirudi kutoka kanisani, ukaenda bustanini na suti yako, ukakuta maganda ya mbegu yamechunwa kwenye fito ya mwisho, ile ya ukutani. Ukasema ni Norman, kwa sababu alichelewa ibada na viatu vyake vilikuwa na tope. Ulisema mbele ya watu. Ukasema tena Agosti iliyofuata kwenye maonyesho ya mazao ya kijiji, ukumbini, mwamuzi akisikia. Kijiji kizima kilikucheka. Na mimi nikakuambia umechanganyikiwa, ni panya, na kwamba mtu mzima huwezi kumwita jirani mwizi kwa sababu ya maharagwe. Nilikukazania wiki nzima mpaka ukachukua chupa ya pombe ya matufaha, ile nzuri, ukavuka njia ukaenda kumwomba msamaha. Ulirudi hukusema nami mpaka Alhamisi.

Basi siku ile ya Mei Norman hakwenda baa. Alirudi ukutani na kopo la tumbaku.

"Hilary, chukua. Ila usiniulize nimezitoa wapi."

"Norman, umezitoa wapi?"

"Si nimesema usiniulize?"

Bridget akanyanyuka, akafungua kopo. Zambarau, madoa meusi. "Hizi ni za Baba," akasema. "Mjomba Norman, hizi ni za Baba!"

"Haya, niliiba! Mmeridhika? Siku ya harusi. Maganda matano. Yule mzee alitangaza sita, aliongeza chumvi. Matano."

"Na miaka yote hii?"

"Nazipanda nyuma ya banda la kuku, asizione. Maonyesho siwezi kuzipeleka, angezijua hata akiwa amefumba macho. Nakula mwenyewe, kimyakimya, kama mlevi."

Nikamuuliza, "Na ile pombe aliyokuletea alipokuja kuomba msamaha?"

"Nilikunywa."

"Norman!"

"Ningeikataa angejua kuwa ni mimi!" Halafu akavua kofia, akaikunja mikononi. "Nilitaka kumwambia. Kila mwaka nilisema, mwaka huu. Halafu siku ile nikaona gari la posta limesimama pale mtaroni."

Bridget alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaanza kulia, na Norman akawa anaangalia kilima kwa adabu. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilihesabu mbegu. Zilikuwa arobaini na nne. Tukazipanda zote mchana ule, mbili mbili kila fito, na Norman akatuelekeza kutoka ukutani kana kwamba ni shamba lake, na kwa kweli kidogo lilikuwa lake.

Zilichomoza kabla Juni haijaingia. Sikuongea nazo. Nilizimwagilia tu, asubuhi na jioni, kwa sababu ilikuwa kazi, na kazi nilikuwa naiweza.

Mwishoni mwa Julai nilichuma maganda ya kwanza. Nikayakata membamba kama ulivyopenda, nikayachemsha, nikatia siagi, nikakaa mahali pangu mezani. Nikaonja. Yalikuwa yamepungukiwa chumvi. Nikanyanyuka kufuata chumvi, na nikiwa nimeshika kijaluba chake ndipo nikaelewa kwamba nimeonja kitu. Nililia pale jikoni, Desmond, mpaka maharagwe yakapoa. Kisha nikayala yakiwa baridi. Tangu hapo siku nyingine nasikia ladha na siku nyingine sisikii.

Agosti tuliyapeleka ukumbini kwa jina lako. Tulipata nafasi ya pili. Mwamuzi alisema yamepinda kidogo. Ungegombana naye. Norman aligombana naye kwa niaba yako, ikabidi mchungaji aingilie kati.

Ukungu umerudi. Leo asubuhi kutoka dirishani sioni hata ukuta. Ule ua wako wa mwisho, wa njia ya kanisani, umechipua vizuri, na bado hakuna kondoo aliyepenya. Chupa iko rafuni, imejaa. Bridget amebandika karatasi mpya: "SI ZA SUPU." Ujue pia kwamba ameondoka na mbegu ishirini kwenda Birmingham, na hatukumzuia. Bibi Lello ana kumi.

Na hili nilitaka lichapishwe, ili walewale waliokucheka walisome. Ulikuwa sahihi. Hawakuwa panya. Nilikutuma ukaombe msamaha kwa mtu aliyekuibia, ukaenda kwa sababu mimi ndiye niliyekutuma. Nisamehe, mume wangu. Na nisamehe pia kwamba nafurahi aliiba.

Unakumbukwa na mimi mkeo Hilary. Watoto wako Bridget na Martin. Mkwe wako Joanna, ambaye harusi yake uliiharibu kwa habari za maharagwe. Dada yako Enid. Bibi Lello, ambaye bado anataka uingie unywe chai. Na Norman Preece, mwizi wako, aliyeomba jina lake liandikwe hivyohivyo.

Hatujakusahau, Desmond, na hatutakusahau.