Goti la Bawaba na Dada Asiyekuwepo

Mpendwa Dada Sylvi, naomba msaada wako na usinicheke, maana wenzangu wanakuletea mambo ya mapenzi kwenye safu yako ya gazeti na mimi nakuletea goti. Nina miaka sabini na moja, mke wangu alishatangulia, naishi peke yangu nje kidogo ya mji wa Calumet, na goti langu la kulia limeshabadilishwa mara mbili, la kwanza lililegea, la pili nalo sasa linacheza, kano zimekwisha kabisa, nikikanyaga mguu unakwenda upande wake na mimi wangu. Daktari anasema kilichobaki ni goti la bawaba, kama ya mlango, lenye vyuma virefu vinavyozama ndani ya mfupa wa paja na wa muundi, ndilo litakalonishika, lakini kanionya kwamba nikianguka siku za mwanzo nikavunja mfupa juu ya chuma hicho naweza kuupoteza mguu wote, kwa hiyo hospitali yao haimpasui mtu asiye na wa kukaa naye nyumbani. Basi muuguzi akanipigia simu, binti mchangamfu, akaniuliza, "Mzee Reino, nani atakuwa na wewe?" Nikamwambia, dada yangu Helmi. "Anajua kupika?" Nikasema, we acha tu, supu yake ya samaki utalamba bakuli. Akacheka, nami nikacheka. Dada Sylvi, Helmi tulimzika mwezi wa nne.

Sijui kwa nini nilisema hivyo, jina lilinitoka tu, na nikaona raha kulisikia tena humu ndani. Upasuaji ni Jumanne ijayo. Nimepanga nirudi kwa teksi nijifungie na makopo yangu ya maharagwe, nani atajua? Ng'ambo ya barabara yupo Orval, naye kafiwa na mke, tulikuwa tunakaa sauna kwangu, kile chumba cha kuoga mvuke, kila Jumamosi, lakini goti liliponishinda nikaacha kuiwasha, sikutaka aone paja langu lilivyokauka. Msimu huu wa baridi alikuja na mashine yake ya kusafisha theluji, akaniambia, "Kaa ndani, babu, ukidondoka humu tutakuokota mwezi wa tano, theluji ikiyeyuka." Nikamjibu, "Nani kakuita?" Akazima mashine, akaondoka. Huku kwetu mtu haombi, unajua mwenyewe. Jioni naiona taa yake, nadhani naye anaiona yangu. Nimechoka na upweke, haya, nimesema. Nifanyeje?

Reino

Kaka Reino (majina yenu nimeyabadili, ingawa kwa kaunti ndogo hivi sijui itasaidia nini), pole kwa goti, na pole zaidi kwa dada yako. Kumkumbuka si kosa. Lakini kumpangia marehemu zamu ya kukuinua chooni, hapana! Una akili kweli? Teksi itakushusha mlangoni, ngazi utapandaje? Na ukidondoka bafuni, maharagwe ndiyo yatakayopiga simu?

Mimi nimezaliwa huku huku, kiburi chetu nakijua. Tunaondoa theluji ya jirani kabla hajaamka, yeye akija kwetu tunamfokea kama mwizi. Hivi unajua Orval alifuata nini? Umemfungia sauna bila neno, akabaki na Jumamosi zake mikononi, akatafuta kisingizio cha kuvuka barabara. Ukamnyima hata hicho. Nakuonea huruma, ila yeye namwonea zaidi.

Sasa nisikilize. Leo hii mpigie yule muuguzi umwambie Helmi amefariki. Hatakula nyama yako. Si wewe wa kwanza kukosa mtu, na kama itabidi siku isogezwe, afadhali ungoje na miguu miwili. Ukimaliza hapo, mpigie Orval. Usianze na habari za theluji, maana nyie wanaume wa huku mtaongea theluji mpaka mkate simu. Wala usiseme "kama una nafasi". Sema hivi: "Orval, naogopa. Njoo ulale kwangu." Halafu nyamaza. Utamsikia anatafuta viatu kabla hajakujibu.